Carolina Reaper Imeiva Dar, na Jamani, Harufu Yake!

Imeiva! Jana ilikuwa na rangi ya chungwa upande mmoja, leo asubuhi ni nyekundu tupu, nyekundu inayowaka. Ngozi imejaa mikunjo na vipele, na chini kabisa kumechomoza kile kimkia kilichochongoka ambacho mpenzi yeyote wa pilipili anakitambua hata kwenye picha mbovu. Hii ni Carolina Reaper. Haikutoka kwenye chupa, haikutoka dukani. Imeota na kuzaa hapa hapa Dar es Salaam, kwenye ndoo ya lita 20 uani, kati ya mchaichai na kamba ya kuanikia nguo. Nimeichuma, nimeikata, nimeinusa, nimeionja, na ninaandika haya midomo ikiwa bado inawaka. Aisee, wapenzi wa pilipili, tumechelewa sana kuipanda hii!

Kwa asiyeifahamu, huyu si mgeni wa kawaida. Ilizalishwa na Ed Currie, mkulima wa Fort Mill, South Carolina, nchini Marekani, mwenye kampuni ya PuckerButt. Ni chotara: mzazi mmoja ni wa ukoo wa Naga kutoka Pakistan, mwingine ametoka kisiwa cha Saint Vincent huko Karibi. Mwaka 2013 Guinness World Records waliitambua kuwa pilipili kali kuliko zote duniani, kwa wastani wa vipimo 1,569,300 vya Scoville. Mwaka 2017 vipimo vipya vikaipandisha hadi 1,641,183. Ilikalia kiti hicho miaka kumi, mpaka Oktoba 2023 ilipopinduliwa na Pepper X yenye 2,693,000, ambayo nayo ni kazi ya Currie huyo huyo. Lakini mbegu za Pepper X haziuzwi, mwenyewe amezifungia. Kwa hiyo kwa mimi na wewe, wenye ua na ndoo na hamu, bingwa anayepandika ni Reaper.

Namba hizo zina historia yake. Mwaka 1912 mfamasia Wilbur Scoville, aliyefanya kazi katika kampuni ya dawa ya Parke-Davis mjini Detroit, alikamua pilipili, akaizimua dondoo yake kwa maji ya sukari tena na tena, huku waonjaji wakionja mpaka ukali usisikike kabisa. Kadiri inavyohitaji kuzimuliwa ndivyo namba inavyopanda. Siku hizi mashine ya maabara hupima kapsaisini, kemikali inayowasha, lakini jina la mzee limebaki. Sasa linganisha. Hoho ni sifuri. Pilipili kichaa, ile ndogo inayokutoa jasho kwenye supu ya pweza, iko kati ya 50,000 na 100,000. Pilipili mbuzi ni wa ukoo wa habanero, ukoo unaokwenda 100,000 hadi 350,000. Chukua habanero kali kuliko zote ulizowahi kula, uzidishe ukali wake karibu mara tano, ndipo unafika kwenye Reaper ya wastani. Ya wastani!

Lakini ngoja, maana jambo lililonisisimua zaidi si namba. Ni undugu. Reaper na pilipili mbuzi ya gengeni kwako ni spishi moja, Capsicum chinense. Asili ya spishi hiyo ni nyanda za chini za Amazon, kwenye joto na unyevunyevu, na pilipili zilianza kufika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kupita huku mwishoni mwa karne ya 15. Maana yake ni kwamba huu mmea unaosifiwa kwa South Carolina, kimaumbile, ni wa hali ya hewa inayofanana na yetu kuliko ya kwao. Huko Carolina baridi ya kipupwe chao huleta jalidi, na jalidi huua mpilipili. Mkulima anaanza upya kila mwaka, au anauingiza mmea ndani. Mpenzi wa pilipili wa London ananunua mkeka wa umeme wa kupashia udongo joto na taa za kuoteshea miche. Sisi tunahitaji nini? Baraza tu. Mpilipili kwa asili ni mmea wa kudumu, na pwani hii haina jalidi, kwa hiyo kichaka kimoja kikitunzwa na kupogolewa kinaweza kuzaa msimu baada ya msimu. Nimesoma habari za wakulima wa Ulaya wanavyouhangaikia mmea huu, kisha nikautazama wangu ulivyojitanua bila hata kubembelezwa, nikaona kabisa kwamba umefika nyumbani.

Tuanze na mbegu, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapokata tamaa mapema. Mbegu za spishi hii hazina haraka. Pilipili hoho unaweza kuiona imechomoza ndani ya wiki moja na kitu. Hizi zinaweza kuchukua wiki mbili, tatu, hata mwezi. Usifukue kuangalia! Zinataka udongo wenye joto la nyuzi 25 hadi 30, na hilo tunalo bure. Loweka usiku mmoja kwenye maji ya uvuguvugu, fukia kidogo tu kwenye trei yenye kokopiti au mboji iliyochekechwa vizuri, weka kivulini, na nyunyizia maji kwa upole. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Mche ukishapata majani manne hadi sita ya kweli, uhamishie kwenye ndoo iliyotobolewa chini. Ndani nimechanganya udongo mwekundu, samadi ya mbuzi iliyooza sawasawa, mboji na mchanga kidogo. Mchanga wetu wa pwani peke yake haufai: maji yanapita vizuri, lakini na rutuba nayo inapita.

Halafu kuna siri moja ambayo kwangu ndiyo kiini cha habari hii yote, na inawahusu watu wa pwani kuliko wa bara. Maua. Mpilipili huu unapenda joto, ndiyo, lakini ua lake halipendi usiku wa joto. Usiku ukizidi nyuzi 24 hivi, na mchana ukipita 33 au 35, maua hupukutika kabla ya kushika tunda. Fikiria sasa usiku wa Januari au Februari hapa Dar, ule wa kulala na feni na bado unajigeuza. Mti unachanua vizuri kabisa, asubuhi unakuta maua yote yako chini, unadhani umelogwa. Haujalogwa. Subiri kipupwe! Juni, Julai na Agosti, upepo wa kusi unavuma, usiku unapoa, na mti ule ule unaanza kushika matunda kwenye kila panda la tawi. Ndiyo maana kalenda nzuri ya pwani ni kusia mbegu Februari, kuhamisha mche Aprili ukiwa umekingwa dhidi ya mvua kubwa za masika, kuacha maua yaanze mvua zinapopungua, na kuchuma kuanzia mwisho wa Julai na kuendelea. Tangu kuhamishwa hadi tunda kuiva ni kama siku 90 hadi 120. Watu wa Arusha, Lushoto na Nairobi wana usiku wa baridi. Wao wahesabu kinyume, wautafutie mti ukuta unaopata jua la mchana kutwa.

Hapa pwani, jua la saa sita nalo linahitaji heshima. Neti ya kivuli nyepesi inatosha, au weka ndoo mahali ambapo mpapai unaitilia kivuli mchana. Tandaza majani makavu juu ya udongo ili unyevu usikimbie. Mwagilia kwa kipimo kinachoeleweka, maana ukiuacha ukauke kabisa kisha ukaufurikisha, kalsiamu haifiki kwenye matunda na utaona yakioza kitako. Wadudu ni wale wale tunaowajua: vidukari, inzi weupe, vithiripi, na utitiri anayekunja majani machanga. Geuza jani utazame chini yake kila baada ya siku chache. Maji ya majani ya mwarobaini na sabuni kidogo, jioni, yamenifaa. Mbolea yenye naitrojeni nyingi iache mti ukianza kuchanua, la sivyo utavuna majani.

Na ndege! Hili limenifurahisha kupita kiasi. Ndege hawasikii ukali wa pilipili. Kapsaisini hushika kwenye kipokezi cha neva ambacho wanyama wanaonyonyesha wanacho, na ndege wanacho pia, ila chao hakishikwi nayo. Panya akionja anakimbia, ndege anameza tunda zima na kwenda kuidondosha mbegu kwingine ikiwa salama. Ndiyo sababu pilipili kichaa huota zenyewe chini ya miembe na kando ya seng'enge ambako hakuna aliyepanda. Kwa hiyo Reaper yenye namba milioni moja na nusu, kwa ndege, ni tunda tamu tu. Funika matunda yako kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Chandarua hicho hicho kitakusaidia ukitaka mbegu safi: ua la mpilipili hujichavusha lenyewe, lakini nyuki akitoka kwenye pilipili mbuzi ya jirani anaweza kukuletea uchotara. Tunda la leo halibadiliki. Mbegu zilizomo ndani ndizo zitakazozaa kitu kingine mwakani.

Haya, tuingie jikoni. Vaa glavu, bila mjadala. Nilipoikata, mafuta ya manjano yalionekana kwa macho kwenye utando mweupe wa ndani. Watu wengi husema ukali uko kwenye mbegu. Hapana, uko kwenye ule utando mweupe unaozishika mbegu. Mbegu zinapakwa tu. Kwa pilipili mbuzi ukiutoa utando huo umepunguza moto kwa kiasi kikubwa. Kwa Reaper hujapunguza vya kutosha, kwa kuwa katika pilipili kali za daraja hili hata ukuta wa ndani wa tunda una vifuko vinavyotengeneza kapsaisini. Hakuna sehemu ya kujificha.

Harufu, sasa. Loh! Ilijaa jikoni kabla sijaweka kisu chini. Kuna embe bivu ndani yake, kuna ganda la chungwa, kuna utamu mzito kwa mbali unaokukumbusha mdalasini. Pilipili mbuzi ina harufu nzuri, na ninaipenda tangu utoto, lakini harufu ya hii ina kina zaidi, inapanda puani kwa tabaka. Watu wanaizungumzia Reaper kwa ukali tu, na hiyo ni dhuluma kubwa. Mmea huu ungekuwa na robo tu ya moto wake, bado ningeupanda kwa ajili ya harufu.

Nikakata kipande kisichozidi punje ya mchele, nikakiweka juu ya muhogo wa kukaanga. Sekunde za kwanza ni tamu, tamu kweli, unapata hata muda wa kutabasamu. Halafu moto unaanza nyuma ya ulimi, bila papara, na hauachi kupanda. Unafika kooni, unapanda masikioni, kwikwi inaingia, machozi yanatiririka, kichwa kizima kinatoa jasho. Pilipili kichaa hupiga mara moja ikaondoka. Hii inapanda, inafika pale unapodhani ni mwisho, kisha inapanda tena. Na baada ya moto kutulia kuna ile raha ya ajabu, mwili mwepesi, moyo umechangamka, ulimi unahisi kila kitu. Chai ya tangawizi niliyokunywa baadaye sijawahi kuisikia tamu namna ile.

Kinachotokea mdomoni ni cha kushangaza. Hakuna kinachoungua. Kapsaisini inakiamsha kipokezi kinachoitwa TRPV1, kile kile kinachouambia ubongo kwamba umegusa kitu chenye joto linalozidi nyuzi 43 hivi. Ubongo unapokea taarifa ya moto, unaamini, unaanza kumwaga jasho kukupoza. David Julius, mwanasayansi wa Marekani, alikigundua kipokezi hicho kwa kutumia kapsaisini ya pilipili, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian. Pilipili imefika mpaka Stockholm! Ndiyo maana pia maji hayasaidii: kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, unaisambaza tu. Kunywa maziwa, au maziwa mgando, ambayo protini yake huibandua kapsaisini. Weka glasi mezani kabla ya kuonja.

Kwenye chakula ndipo niliposadiki kabisa. Sufuria ya maharage ya nazi ya familia: nikatia Reaper moja nzima, haijapasuka, juu ya tui linapochemka polepole, kama tunavyofanya na pilipili mbuzi, kisha nikaiopoa kwa uangalifu kabla haijalainika. Maharage yalitoka na ukali wa wastani unaovumilika na harufu ambayo kila aliyeketi aliiulizia. Shangazi, ambaye achari yake ya embe inaagizwa mpaka na watu wa harusini, alinusa kipande cha tunda jingine akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hii nusu yake tu itanitosha chupa nzima. Niwekee." Na akawa sahihi: nusu tunda, ukwaju, vitunguu saumu, siki, chumvi na karoti moja ya kuipa uzito, tukapata pilipili ya kusaga ya kutumia kwa matone. Nchini Rwanda wana Akabanga, yale mafuta ya pilipili yanayouzwa kwenye kichupa cha kudondoshea, na mtu wa Kigali atakwambia tone moja au mawili yanatosha. Ndivyo Reaper inavyotakiwa kuliwa. Kwa tone.

Ukiisaga kwenye blenda, fungua madirisha, na watoto wakae mbali. Mvuke wake unakohoza nyumba nzima. Ukiikausha, ipasue mara mbili na uianike juani siku za upepo mkavu, kwa kuwa hewa yetu nzito huleta ukungu kwenye tunda zima. Usijishike macho hata baada ya kunawa kwa sabuni. Na jambo hili nalisema kwa uzito wote: usile tunda zima kwa mashindano au kwa ajili ya video. Mwaka 2018 madaktari waliandika katika jarida la BMJ Case Reports habari za mwanaume wa miaka 34, nchini Marekani, aliyekula Reaper moja kwenye shindano kisha akapatwa na maumivu makali ya kichwa ya ghafla. Vipimo vilionyesha mishipa ya damu ya ubongo imebana. Alipona. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shinikizo la damu, na mtoto, wote hii haiwahusu.

Mbegu za Reaper zinauzwa sana mtandaoni, na udanganyifu ni mwingi, kwa hiyo nunua kwa muuzaji anayeonyesha matunda ya mti wake mwenyewe. Mbegu zinazovuka mpaka zinahitaji cheti cha afya ya mimea, na kwa Tanzania wanaoshughulikia ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Bora zaidi ni kupata kwa mtu aliyekwisha vuna hapa hapa: mbegu iliyozaliwa pwani, kutoka mti uliostahimili joto la pwani. Kuna pia bhut jolokia ya kaskazini mashariki mwa India, iliyoshika rekodi mwaka 2007 kwa vipimo 1,001,304, ngozi yake nyembamba na rahisi kukausha. Hiyo ndiyo ninayoitaka mwakani, pembeni ya hii.

Hukumu yangu? Pilipili mbuzi ibaki kwenye kachumbari, pilipili kichaa ibaki kwenye supu, na kwa achari, kwa pilipili ya kusaga na kwa chochote chenye tui la nazi, Reaper imeshinda bila ubishi. Kwa uzuri wa kutazama, kwa harufu, kwa namna inavyoizoea pwani yetu, sijapanda kitu kilichonipa furaha hivi. Panda mti mmoja tu. Unatosha nyumba yako na majirani, na utabaki na wa kugawa. Tafuta mbegu sasa, tayarisha ndoo na samadi, na ikifika Februari, sia.